Mzigo wa Nyuma: Safari Yetu ya Bunda, Musoma na Butiama

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi twaongeza kuwa hata mzigo wako mwenyewe, ukiupakia kidogo kidogo, nao huonekana usufi, mpaka siku ile gari litakapokaa chini kwa nyuma mfano wa ngamia aliyekataa kuondoka. Jambo hili limetufika katika njia itokayo Mwanza kwenda Musoma, wala hatuoni vizuri kulificha, kwani huenda katika wasomaji wetu akawamo mwenye azma ya kuisafirisha jamaa yake kwa namna tuliyosafiri sisi.

Tulikuwa na basi dogo la Kijapani, la aina ile ile ichukuayo abiria mijini. Viti vyake viling'olewa, na mahali pake pakawekwa vitanda viwili, kabati, jiko la gesi, na pipa la maji la lita 120. Likawa nyumba ndogo juu ya magurudumu manne. Hatukuifanya kazi hiyo kwa kutaka anasa. Mama yetu mzazi amekwisha kupita umri wa miaka 80, na maradhi ya mgongo hayamruhusu kukaa kitini saa nyingi. Naye alikuwa na dada yake mkubwa, anayekaa kijijini upande wa Butiama, ambaye hawakuonana kwa miaka tisa. Habari zilipotufikia kwamba dada huyo amelala kitandani mgonjwa, mama alisema neno moja tu: "Nipelekeni." Basi tukatengeneza gari ambalo ndani yake ataweza kulala njia nzima.

Tulitoka Mwanza kabla ya alfajiri. Katika giza lile tuliona jambo ambalo hatukulifahamu: kila dereva tuliyekutana naye alituwashia taa kwa hasira, ilhali zetu zilikuwa zimeshushwa. Tukawalaumu wao. Kisha usukani nao ukawa mwepesi mno mkononi, kama kwamba magurudumu ya mbele yanaigusa barabara kwa ncha za vidole. Hilo pia tulilipuuza, tukasema ni upepo wa ziwani. Tukaipita Magu, tukaipita Lamadi, na upande wa kulia tukaliona lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, huja kuikaribia barabara kuu na ziwa. Watoto walikuwa wakitazama nyika ile kwa furaha, na bibi yao amelala. Kumbe gari lilikuwa likisema nasi tangu mwanzo wa safari, ila sisi hatukuijua lugha yake.

Lilisema kwa sauti kubwa tulipoingia Bunda. Katika tuta la kwanza magurudumu ya mbele yalipanda yakashuka salama. Ya nyuma yalipofuata, tukasikia chuma kikikwaruza lami, na mama akaamka kwa kishindo akishika mgongo. Tukashuka kutazama. Bomba la moshi lilikuwa limepondeka, na nafasi baina ya tairi la nyuma na bodi haikutosha kupitisha kiganja kilichosimama. Ukilitazama gari kwa ubavu, pua yake iko juu, mkia uko chini.

Hapo akaja kijana mmoja fundi, mwenye maneno mazuri na mkono mwepesi. Akasema kazi hii ni ya saa moja: ataweka vipande vya chuma baina ya ekseli na springi, bodi itanyanyuka, nasi tutaendelea na safari yetu. Bei yake haikuwa kubwa. Twakiri kwamba tulikuwa karibu kukubali, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akitungoja. Lakini chini ya mti wa pili alikuwako fundi mzee, aliyekuwa akinywa chai yake bila ya kusema. Alipoona kijana anakwenda kuleta jeki, akatuuliza, "Bwana, gari hili lina kilo ngapi?" Hatukuwa na jawabu. Akasema, "Basi mnataka kuinua kitu msichokijua uzito wake."

Neno hili lilitutia haya. Tukaenda naye kwenye ghala moja la pamba lenye mizani ya magari, maana Bunda iko katika nchi ya wakulima wa pamba, na penye pamba hapakosi mizani. Wenyewe wakaturuhusu kwa wema. Tukapima gari zima, kisha tukapima magurudumu ya nyuma peke yake. Gari zima lilikuwa na kilo 3,040. Na katika hizo, kilo 1,910 zilikaa juu ya ekseli ya nyuma. Tukafungua mlango tukakisoma kibao cha kiwanda, ambacho miaka yote tulikuwa hatujakisoma: mwisho wa uzito ni kilo 2,900, na mwisho wa ekseli ya nyuma ni kilo 1,650. Tulikuwa tumelizidishia gari zima kilo 140, na kuizidishia ekseli ya nyuma kilo 260.

Msomaji atauliza: imekuwaje ekseli ya nyuma izidiwe kuliko gari lenyewe? Fundi alitufahamisha kwa mtaimbo aliouegemeza juu ya jiwe. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli hauleti uzito wake tu, bali hulinyanyua gari kwa mbele na kuuhamisha uzito wa mbele uje nyuma. Chukua mfano wa gari ambalo baina ya ekseli zake mbili pana mita mbili na nusu. Weka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma: ekseli hiyo haitabeba 100, itabeba 140, na hizo 40 zimeondolewa katika magurudumu ya mbele. Ndiyo sababu usukani ulikuwa mwepesi, na ndiyo sababu taa zetu, hata tulipozishusha, zilitazama juu zikawapofusha wenzetu. Manahodha wa pwani wayajua haya tangu zamani, kwamba chombo kilichosheheni tezini huinua omo, na usukani wake haufuati mkono. Sisi, tuliozaliwa karibu na maji, tulikuwa tumeyasahau nchi kavu.

Tukafungua milango ya nyuma tukaanza kuhesabu. Pipa la maji liko mwisho kabisa wa gari, limejaa. Nje ya mlango zinaning'inia baiskeli mbili za watoto juu ya chuma chake, na kando yake mashine ndogo ya umeme. Vyote pamoja kilo 85. Na katikati, limelala kama mwenye nyumba, gunia la mchele la kilo 100, zawadi ya mama kwa dada yake.

Baiskeli na mashine hatukubishana juu yake. Tuliviacha Bunda kwa jamaa, tuvichukue wakati wa kurudi. Maji tukayamwaga mpaka zikabaki lita 40, kwani lita moja ya maji ni kilo moja, na njiani maji yapatikana. Tulipofika kwenye gunia tukanyamaza, kila mtu akimtazama mwenziwe. Fundi mzee ndiye aliyesema kwa adabu, "Mama, samahani, gunia hili ndilo limeikalia ekseli."

Mama akajibu, "Mwanangu, kwa dada yangu siendi mikono mitupu. Kama limekosa adabu huko nyuma, lilete mbele nilale nalo."

Tukacheka, kisha tukaona kuwa amesema lililo sawa kuliko wote. Tukalihamisha gunia tukaliweka chini ya kitanda chake, katikati ya ekseli mbili, tukalifunga kwa kamba lisihame. Hapo nusu ya uzito wake ikaenda mbele na nusu ikabaki nyuma. Tukarudi kwenye mizani: gari zima kilo 2,875, na ekseli ya nyuma kilo 1,589. Zile kilo zilizozidi zilikuwa zimekwisha, wala hatujagusa hata bolti moja.

Lakini mkia haukurudi wote juu. Fundi alikuwa amepima kwa utepe tangu mwanzo, toka kitovu cha gurudumu mpaka upinde wa bodi ulio juu yake. Naye alituonya tusipime toka ardhini, kwa kuwa tairi likipungua upepo hesabu itadanganya. Kabla ya kupunguza mzigo ilikuwa sentimita 38. Baada yake ikawa 42. Akaingia chini na tochi, akatoka na habari. Springi za nyuma za gari la aina hii ni vyuma bapa vilivyopandana, kirefu juu na vifupi chini yake, vimepindwa kama upinde. Zetu zilikuwa zimelala, upinde umekwisha. Na upande wa kushoto bapa la tatu lilikuwa na ufa, na kutu imeingia ndani ya ufa huo, ishara kwamba si la leo. Mzigo tulioupakia haukuivunja springi; uliikuta imekwisha kuchoka, ukaidhihirisha.

Bunda hapakupatikana mabapa yenye upana wetu. Shauri likawa kwenda Musoma pole pole. Tukaondoka alasiri, tukaipita Makutano, tukaingia Musoma jua linatua. Mji huu umekaa juu ya rasi iliyoingia ziwani, mawe makubwa yamerundikana pande zote kana kwamba kuna aliyekuwa akijenga akaachia njiani. Reli haikufika hapa. Baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ndizo zilizouunganisha Musoma na bandari nyingine, na biashara ya mji ikawa ya shehena na vyombo.

Fundi wa springi wa Musoma alituambia kazi yake ni ya siku mbili. Usiku ule tulikaa baraza. Wengine wetu walisema tukodi gari jingine la kumfikisha mama Butiama, safari si ndefu. Wengine wakasema mgongo wake hautastahimili kiti katika njia ya kijijini. Mama akaomba simu, akazungumza na dada yake kwa lugha yao, maneno machache. Kisha akatuambia, "Amesema niende mzima. Fundi afanye kazi yake."

Asubuhi tulikwenda Mwigobero kutazama mashua zinazovuka kwenda Kinesi na visiwani. Tulisimama muda mrefu tukiangalia jinsi wapakiaji wanavyopanga magunia ya dagaa, hili katikati, lile mbele kidogo, na mwenye mashua anatazama mstari wa maji ubavuni. Katika ziwa hili hili, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakaangamia. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Katika misiba yote miwili kisa cha kupakia kupita kiasi kilitajwa. Hatusemi kuwa basi letu dogo ni sawa na meli. Twasema tu kwamba mtu anayeongeza kifurushi kimoja huona ni kimoja, na chombo huhesabu vyote.

Sasa tuieleze kazi ya fundi, maana ina mafunzo. Alizitoa springi za pande zote mbili, ingawa ufa ulikuwa upande mmoja, kwa kuwa springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari liiname na kuvuta. Bapa lenye ufa akalitupa. Hakukubali kulichomea, akasema moto wa kuchomea huondoa ugumu wa chuma cha springi, na mahali hapo hapo patakatika tena. Akaweka mabapa mazima yaliyopindwa sawasawa, na chini yake akaongeza bapa moja kila upande, wala hakuzidisha. Alisema bapa likizidi, gari tupu litaruka kama jiwe juu ya ngoma, na anayeumia kwanza ni mgonjwa. Bolti zenye umbo la herufi U, zinazoifunga springi na ekseli, alizitia mpya na ndefu kidogo, na akatuamuru turudi kuzikaza tukisha kwenda kilomita chache, kwani vyuma vipya hukaa vizuri baada ya kutembea. Raba zilizoliwa akazibadili.

Tulimwuliza habari za shokapu, maana tulikuwa tumeambiwa kwamba zikibadilishwa gari litanyanyuka. Akasema shokapu za kawaida hazibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mrusho. Anayenunua shokapu ili kuinua mkia amenunua mlango ili kuziba paa.

Tukamwuliza na habari za vile vipande vya chuma vya kijana wa Bunda. Alisema havikosi mahali pake, lakini huinua bodi tu, haviongezi nguvu ya springi hata kidogo. Tena kuvipandanisha kimoja juu ya kingine ni hatari. Kisha akatuonyesha jambo ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Magari mengi ya mizigo na mabasi madogo yana kifaa kilichounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Kifaa hicho huupima mzigo kwa kadiri bodi ilivyoshuka, na kwa kadiri hiyo huzipa breki za nyuma nguvu. Ukiinua bodi ukaiacha fimbo kama ilivyokuwa, kifaa hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu wakati gari limejaa watu. Lau tungekubali kazi ya saa moja, tungeondoka Bunda na gari lililosimama vizuri kwa kutazamwa, lisilosimama vizuri kwa breki. Fundi aliirekebisha fimbo, kisha jioni akalisimamisha gari mbele ya ukuta, akazielekeza taa upya.

Kwa utepe ule ule tukapima: sentimita 46. Hatukuongeza ukubwa wa matairi, ingawa wapo wafanyao hivyo. Ajue msomaji kwamba tairi lililozidi kwa sentimita nne toka ukingo hadi ukingo huinua gari sentimita mbili tu, kwa kuwa nusu ya nyongeza huenda juu ya ekseli. Nalo hukidanganya kipimo cha mwendo, na wakati mwingine hukwaruza bodi.

Siku ya tatu tukarudi mpaka Makutano, tukaishika njia ya Butiama. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alitoka Butiama kwenda kuanza masomo Mwisenge, Musoma. Sisi tulikuwa twaifuata safari yake kwa kinyume. Hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapa ndipo alipozikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tulizuru kaburi lake Mwitongo, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1999. Nyumba ziko kimya baina ya miti na majabali. Mama alikaa kivulini muda mfupi, kisha akasema, "Sasa twendeni kwa mwenyewe."

Njia ya mwisho ilikuwa ya udongo mweusi, mvua imeinywesha usiku, na matairi ya malori yamechimba mifereji miwili. Kila palipotisha tulishuka, tukatembea kwanza kwa miguu, tukapima kwa fimbo kimo cha tuta la katikati. Mahali pamoja palikuwa na mtaro, gari likashuka kwa mbele na kupanda. Tukashika pumzi mkia ulipofuata. Haukugusa. Tulipotazama nyuma tuliona nafasi ya vidole vitatu hivi ndiyo iliyotuvusha. Wala hatuna shaka kwamba kwa hali tuliyoingia nayo Bunda tungelala mtaroni pale na mgonjwa wetu.

Tulipofika, mwenyeji wetu alikuwa ameketishwa mlangoni juu ya mkeka, ameegemezwa kwa mito. Hakuweza kusimama. Mama alishuka akaenda kukaa kando yake, wakashikana mikono, hawakusema kitu kwa muda. Kisha yule dada mgonjwa akaliona gunia likishushwa, akamwambia mdogo wake kwa sauti dhaifu, "Hata leo hujaacha kubeba vitu vingi." Mama akajibu kwamba kilichobaki ni hicho tu, vingine ameamrishwa na fundi aviache Bunda. Wote wawili wakacheka, na sisi tukajishughulisha na kamba ili tusionekane macho.

Tulikaa siku nne. Mchele ukapikwa, mgonjwa akala. Wakati wa kurudi tulivichukua vile vya Bunda, lakini safari hii gunia halimo, tukavipanga katikati na kuvifunga. Kwenye tuta lile lile tulilokwaruza tukapunguza mwendo, na watoto wakanyamaza kusikiliza. Magurudumu ya mbele yakapita, ya nyuma yakapita, hapakusikika kitu, na mama hakuamka.

Basi ndugu yetu unayetaka kufunga safari na nyumba yako juu ya magurudumu, pima kwanza, kisha punguza, kisha panga katikati, na baada ya hayo ndipo umwite fundi wa springi. Ukianza na la mwisho utakuwa umemsimamisha aliyelemewa bila ya kumtua mzigo. Mungu awafikishe salama wasafiri wote, na awakutanishe na wale wanaowangoja.